Pugu: Mwalimu wa Historia na Kabati Lenye Kufuli

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, ingawa sasa jina lake ni Nyerere, unapita uwanja wa ndege, unapita Gongo la Mboto, halafu ardhi inaanza kupanda. Hivyo ndivyo vilima vya Pugu, chimbuko la Mto Msimbazi. Vijana wa leo wanaijua Pugu kwa mnada wa ng'ombe. Mimi niliyefundisha historia hadi kustaafu naijua kwa chuo kimoja kidogo cha Kikatoliki, St. Francis' College, na naandika juu yake kwa sababu habari zake zinasimuliwa nusu.

Nusu inayosimuliwa kila tarehe 14 Oktoba ni hii: Julius Nyerere alifundisha Pugu, akatakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akachagua siasa. Nusu isiyosimuliwa ni mahali penyewe palikuwaje, na kwa nini mtu wa namna ile aliweza kupata nafasi pale na si kwingine.

Kilima hicho kilionja damu kabla hakijaonja chaki. Wabenediktini Wajerumani walifika Pugu mwaka 1888, wakati Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki inajitwalia pwani. Januari 1889, katika vita vya watu wa pwani vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, misheni ilivamiwa na kuchomwa moto. Baadhi ya wamisionari waliuawa, wengine wakatekwa. Kwa watu wa pwani wakati ule, padre na kampuni walikuwa kitu kimoja, na si rahisi kuwalaumu: wageni hao walikuja na meli zile zile. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kanisa la Dar es Salaam lilikabidhiwa kwa Wakapuchini wa Uswisi, na tangu 1930 aliyeliongoza alikuwa Edgar Maranta, aliyekaa hadi 1968. Katika miaka hiyo ndipo Pugu ikawa na shule ya sekondari ya wavulana yenye sifa nchi nzima. Jirani yake, upande wa Kisarawe, Waanglikana walikuwa na St. Andrew's College, Minaki. Vyuo viwili vya makanisa mawili, katikati ya nchi ya Wazaramo ambao wengi wao ni Waislamu. Jambo hilo nitalirudia.

Nyerere hakuwa mgeni wa shule za namna hii. Alipomaliza Makerere mwaka 1945 alikwenda kufundisha St. Mary's, Tabora, kwa mapadre, ingawa mji huo huo ulikuwa na shule maarufu ya serikali aliyosoma yeye mwenyewe. Padre Richard Walsh, mkuu wa St. Mary's, alimsaidia kupata njia ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Alirudi mwaka 1952 na shahada, na mwaka 1953 akaanza kazi Pugu, akiwa amemwoa Maria mwezi Januari wa mwaka huo huo. Somo lake: historia.

Hapa ndipo penye kiini. Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Agosti ya mwaka huo serikali ya kikoloni ikatoa waraka wa kuwapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Wasomi wengi wa Tanganyika walikuwa makarani, matabibu na walimu wa serikali, kwa hiyo waraka ule uliwafunga midomo wengi kwa mara moja. Mwalimu wa misheni hakuwa mtumishi wa serikali. Aliajiriwa na kanisa. Upenyo huo mdogo ndio uliomwezesha mwalimu wa Pugu kufundisha darasani Jumatatu hadi Ijumaa, kisha kushuka mjini, kilomita ishirini hivi, mara nyingi kwa miguu, kukutana na wenzake wa TAA, akina Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na John Rupia. Tarehe 7 Julai 1954, New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, TAA ikawa chama cha TANU.

Lakini upenyo ulikuwa na mwisho. Shule za misheni zilipokea ruzuku ya serikali, na mwenye kukupa ruzuku hakosi la kukuambia. Machi 1955 Nyerere alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi, mwezi huo huo, akaacha kazi. Sioni haki ya kuwahukumu mapadre kana kwamba walikuwa maadui. Walimpa nafasi ambayo serikali isingempa hata siku moja. Wala sioni haki ya kuwasifu kupita kiasi. Walitoa nafasi, na waliizungushia ua.

Ua huo naujua kwa karibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilipita chuo cha ualimu cha Kikatoliki miaka ya sitini, kidogo kuliko Pugu, mbali na Dar es Salaam. Kengele ya kwanza ililia kabla ya alfajiri. Misa, usafi, uji, darasa. Jioni kujisomea kwa taa za karabai, kiranja akizunguka kati ya meza, na baada ya kengele ya mwisho hakuna neno hadi asubuhi. Walimu wetu walikuwa mapadre watatu, bruda mmoja wa useremala na walimu wachache wenyeji waliokaa na familia zao nyuma ya kanisa. Tuliwaona wakinunua dagaa tunaponunua sisi, tukajua kufundisha ni kazi ya watu kama sisi. Somo hilo halikuwa kwenye ratiba.

Maktaba ilikuwa chumba kimoja. Kila kitabu kilivikwa karatasi ya kaki, ndani kikapigwa muhuri wa mviringo, na nyuma kulibandikwa kipande cha tarehe za kurudisha. Nilichaguliwa kumsaidia padre mkutubi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika namba kwenye migongo ya vitabu kwa wino mweupe. Tulitumia mpango wa Dewey. Kwenye mia mbili za dini, Ukristo ulichukua 220 hadi 289. Dini nyingine zote za dunia zilibanwa kuanzia 290. Uislamu, dini ya nusu ya mtaa tuliokaa, ulikuwa 297. Imani za babu zetu zilikuwa mwisho kabisa, 299. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, brashi mkononi, na nilielewa bila kuambiwa nani aliyepanga ile rafu.

Kulikuwa na kabati la mninga lenye kufuli. Kanisa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa, na aliyetaka kuvisoma alihitaji ruhusa. Ndani ya orodha hiyo alikuwemo Gibbon, aliyeandika kuanguka kwa dola ya Roma, na Sartre kwa vitabu vyake vyote. Juni 1966 Roma iliiondolea orodha hiyo nguvu ya sheria. Kwetu kufuli lilibaki muda mrefu zaidi, si kwa ukali, bali kwa mazoea. Siku moja padre alinikabidhi ufunguo, akaniambia nivisafishe vumbi vitabu vya ndani, akatoka nje na hakurudi mpaka kengele ya chakula. Naamini alijua alichokuwa anafanya. Nilimsoma Gibbon nimesimama, kurasa za mwanzo tu, nikaona kumbe mtu anaweza kuandika historia ya kanisa bila kuliomba ruhusa. Miaka yangu yote ya ualimu imetoka kwenye kabati hilo.

Nilisema nitarudi kwa Wazaramo. Shule nzuri zilizojengwa na makanisa ziliwafikia kwanza watoto wa waumini wa makanisa hayo, na mtoto wa Kiislamu wa Kisarawe aliiona Pugu kwa mbali, kutoka shambani kwa baba yake. Kinachonigusa ni kwamba watu waliompokea mwalimu Mkatoliki mjini, wakampa nyumba zao, magari yao na uongozi wa chama chao, wengi walikuwa Waislamu wa pwani. Deni hilo halikulipwa haraka. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoanza kutumika, serikali ikazichukua shule hizi; Pugu na Minaki zikawa za umma, St. Mary's ya Tabora ikawa Milambo. Seminari peke yake zilibaki mikononi mwa kanisa. Kuna waliolia kwamba viwango vitashuka, na mahali pengine kweli vilishuka. Hata hivyo nasema bila kusita: kufungua milango ile ilikuwa haki.

Lakini katika kufungua milango tulisahau rafu. Mwaka fulani, katika shule moja ambayo zamani ilikuwa ya misheni, nilinunua karanga zilizofungwa kwa karatasi yenye mistari. Niliifungua. Ilikuwa rejista ya kuazima vitabu: jina la mwanafunzi, namba ya kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, kwa mwandiko wa wino wa bluu. Nikamuuliza mama muuzaji kama anazo nyingine. Alikuwa ameshazitumia.

Rejista kama hizo ndizo zinazoweza kutuambia wavulana wa Pugu, akina Benjamin Mkapa waliokuja kuongoza nchi, walisoma nini usiku. Picha za ukutani haziwezi. Kwa hiyo naomba wakuu wa shule zote zilizokuwa za misheni: kabla hamjachoma makaratasi ya stoo au kuyauza kwa kilo, andikieni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa waje wayaangalie. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kitabu chenye muhuri wa chuo cha zamani, usikitupe. Kirudishe shuleni kwake, na mkabidhi mwalimu wa historia mkononi.