Ukadiriaji wa fidia kwa majeruhi wa ajali za barabarani (Kenya)

Ukadiriaji wa fidia ni kazi ya mahakama ya kupima kwa shilingi madhara aliyoyapata mtu kutokana na uzembe wa dereva. Hutanguliwa na suala la dhima, yaani nani alikosa na kwa kiasi gani. Dhima ikishaamuliwa, hakimu hugeukia pesa, na hapo ndipo majeruhi wengi hupoteza haki yao, kwa kuwa ushahidi wa kiasi hicho ulipaswa kuanza kukusanywa siku ileile ya ajali.

Ajali huandikwa katika kitabu cha matukio cha polisi (OB), na mwenye madai hupewa nambari ya OB. Baadaye huja fomu ya P3 iliyojazwa na daktari, abstrakti ya polisi inayotaja gari na bima yake, na kumbukumbu za hospitali. Karatasi za matibabu ya mwanzo ndizo zenye nguvu kuliko zote. Jeraha lisilotajwa humo, likaja kuibuka mwaka mmoja baadaye katika ripoti ya daktari mwingine, hutiliwa shaka. Shaka hiyo ina chanzo chake: wapo madalali wanaotafuta majeruhi mawodini, na yamewahi kufikishwa mahakamani madai ya watu ambao hata hawakuwa ndani ya matatu iliyopinduka. Anayeumizwa na udanganyifu huo ni majeruhi wa kweli.

Fidia ya jumla hulipia maumivu, mateso na kupungukiwa na raha za maisha. Mguu hauna bei. Hakimu hutazama hukumu zilizopita za majeraha yanayokaribiana, mwaka zilipotolewa na jinsi thamani ya shilingi ilivyoshuka tangu hapo, kisha umri wa majeruhi na asilimia ya ulemavu wa kudumu. Mara nyingi kila upande huleta daktari wake, na asilimia zao hupishana. Kiasi kilichotolewa hakibadilishwi kirahisi kwenye rufaa. Shauri la kampuni ya Kemfro Africa, lililomo katika ripoti za sheria za 1987, hutajwa hadi leo: mahakama ya juu huingilia tu pale hakimu alipofuata kanuni isiyo sahihi, au kiasi kilipokuwa kidogo mno au kikubwa mno.

Fidia maalumu hulipia gharama zilizokwisha kutoka: dawa, picha za eksirei, nauli ya kliniki, ada ya ripoti ya daktari. Ni lazima kila kiasi kitajwe katika hati ya madai na kithibitishwe, kwa kawaida kwa risiti. Gharama za matibabu yajayo nazo sharti zitajwe, kama Mahakama ya Rufaa ilivyoeleza mwaka 2004 katika shauri la Kenya Bus Services. Aliyewekewa vyuma mfupani na atakayehitaji kufanyiwa upasuaji wa kuvitoa asipoliandika hilo katika madai yake, huenda akajilipia mwenyewe.

Sehemu ngumu zaidi ni fidia ya kipato kilichopotea. Mwenye ajira huleta karatasi ya mshahara. Mama mboga, fundi wa jua kali na mwendesha bodaboda hawana. Mwaka 2005, katika shauri lililohusu kifo cha seremala, Mahakama ya Rufaa ilikataa wazo kwamba kipato huthibitishwa kwa hati pekee, kwa sababu Wakenya wengi hujipatia riziki bila kuweka rekodi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki na unastahili kufuatwa kwa moyo wote. Hata hivyo, ushahidi wa mdomo unapokuwa dhaifu, hakimu huweza kukimbilia kima cha chini cha mshahara, na fundi aliyekuwa akipata zaidi ya hapo hupunjwa. Daftari la mauzo, taarifa za M-Pesa au ushahidi wa mteja wa siku nyingi vinaweza kumwokoa.

Baada ya kujumlisha, hupunguzwa sehemu ya kosa la majeruhi mwenyewe, kwa mfano kutofunga mkanda au kupanda pikipiki bila kofia. Tuseme fidia ya jumla ni shilingi 800,000 na maalumu ni 60,000. Akibeba asilimia 20 ya lawama, atapata 688,000. Kwa kawaida riba ya fidia maalumu huhesabiwa tangu kesi ilipofunguliwa, na ya fidia ya jumla tangu siku ya hukumu.

Kushinda kesi si kulipwa. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inailazimu kampuni ya bima kulipa hukumu ya majeruhi hadi shilingi milioni 3. Kinachozidi humwangukia mwenye gari, na kwa aliyevunjika uti wa mgongo kiwango hicho ni kidogo mno. Kampuni nazo huanguka: United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011 ziliwekwa chini ya meneja wa kisheria, na waliokuwa na hukumu mikononi wakabaki wakingoja.

Mara nyingi bima hupendekeza maelewano mapema. Msomaji mwenye jeraha asitie saini hati ya kumaliza madai kabla daktari hajasema kwamba hali yake imetulia, kwani akishasaini ni vigumu sana kudai tena. Wala asikae mno: kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.