Walokole: wokovu uliotoka Gahini ukaenea Afrika Mashariki

Simeoni Nsibambi alikuwa na kazi ambayo vijana wengi wa Buganda wa siku zake waliitamani. Alikuwa msomi, alitumikia kikosi cha tiba cha Waafrika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akaajiriwa katika idara ya afya ya serikali ya Uganda. Alichokuwa akikingojea ni nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Nafasi hiyo hakuipata, na uchungu wake ukamkaa rohoni. Mwaka 1922, akiwa katika maombi, likamjia wazo lililogeuza maisha yake: masomo hayo, hata angeyapata, yangelinganaje na wokovu ambao Mungu anampa bure, tena wa milele? Baadaye aliacha kazi, akavua viatu, akabaki na kanzu yake, akawa anazunguka kilima cha Namirembe na mitaa ya Kampala akiwauliza watu kama wameokoka.

Wengi aliowauliza walikuwa wamebatizwa tangu utotoni, na swali hilo liliwaudhi.

Ili kuelewa kwa nini liliwaudhi, inafaa kukumbuka hali ya kanisa wakati ule. Wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS walifika Buganda mwaka 1877. Nusu karne baadaye Uanglikana ulikuwa dini ya machifu, ya shule nzuri na ya watu wenye vyeo. Aliyetaka ubatizo alihudhuria darasa, akajifunza kusoma, akapewa jina jipya, na jina hilo likaandikwa kwenye daftari la kanisa. Mfumo huo ulileta mema mengi, na shule zetu nyingi chimbuko lake ni hapo. Lakini ulizaa pia Wakristo waliojua katekisimu yote kwa moyo huku hongo, ulevi na nyumba ndogo vikiendelea kama kawaida, na kasisi akijua na kunyamaza. Kwa watu hao, upendo wa Mungu ulikuwa somo walilofaulu zamani.

Mwaka 1928 daktari kijana kutoka Cambridge, Joe Church, alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda, juu ya Ziwa Muhazi. Hospitali ya misheni ilikuwa na miaka michache tu tangu kituo kianzishwe mwaka 1925. Muda si mrefu ikaja njaa kali ya 1928 na 1929, na watu wakafa njiani wakitafuta chakula. Church alifanya alichoweza hadi nguvu zikamwisha. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika, akiwa amechoka mwili na amekauka roho. Hapo Namirembe akakutana na Nsibambi.

Kwa siku mbili wakakaa na Biblia zao, wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba pamoja. Leo jambo hilo halishangazi. Mwaka 1929, katika himaya ya Mwingereza, daktari mzungu kukaa chini na Mwafrika ili wote wawili waombe kupewa kile ambacho hakuna hata mmoja wao alikuwa nacho, lilikuwa jambo geni mno. Kwa maoni yangu, Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia hapo, katika kukubali kwamba mbele ya msalaba hakuna mgeni rasmi. Ni kweli kwamba Church alilelewa katika mafundisho ya utakatifu ya mikutano ya Keswick kule Uingereza, na wanahistoria hulitaja hilo mapema. Lakini Nsibambi alikuwa ameyapata yake miaka saba kabla ya siku zile mbili.

Kutoka Kampala moto ulirudi Gahini kupitia watu wachache. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, alikwenda kumwona Nsibambi mwaka 1931 akiwa na malalamiko tele kuhusu mambo yalivyokuwa hospitalini. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba tatizo la hospitali lilianzia moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Kinuka alikasirika. Akiwa njiani kurudi Rwanda akakubali kwamba aliambiwa kweli, akajitoa kwa Kristo, na waliomfahamu Gahini wakamwona mtu mwingine kabisa. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alikuwa Gahini akifundisha wainjilisti.

Mwishoni mwa Desemba 1933 kulikuwa na mkutano hapo Gahini. Siku zilipita katika mafundisho ya kawaida, hata ikafika ibada ya maombi ya mwisho. Ndipo mtu mmoja akasimama, akaanza kuungama dhambi zake kwa sauti mbele ya wote. Akafuata wa pili, na wa tatu. Ilichukua zaidi ya saa mbili, watu wakisimama mmoja baada ya mwingine, wengine wakilia. Katika jamii iliyomlea mtu tangu utoto kuficha la moyoni, hasa mbele ya mkubwa wake, jambo hilo lilikuwa kama kuta za nyumba kuanguka watu wakiwa ndani.

Kigozi hakuishi kuyaona matunda yote. Mwaka 1935 alijifungia nyumbani kwake juma zima akiomba, akatoka na ujumbe wa toba ulioitikisa Gahini, na Septemba mwaka huo ukatikisa mkutano wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Januari 1936 alisafiri kwenda kwenye sinodi ya kanisa akiwa na hoja tatu. Kwa nini kanisa limepoa? Kwa nini wanaoishi katika dhambi ya wazi wanaruhusiwa kwenye Meza ya Bwana? Na tufanye nini ili uamsho uje? Homa ya papasi ilimuua kabla ya sinodi kuketi. Neno lake alilolipenda, Zukuka, yaani amka, likawa wito wa waliobaki.

Tangu hapo habari ilisafiri kwa miguu, kwa lori na kwa meli za Ziwa Viktoria. Kabete, Kenya, ilipokea timu ya kwanza mwaka 1937, na miongoni mwa walioguswa alikuwamo Obadiah Kariuki. Tanganyika ilifikiwa kupitia Katoke, upande wa Bukoba, mwaka 1939. Mwaka 1942 Wamenoni wa Shirati, Mara, waliungama wao kwa wao, wamisionari wa Kimarekani pamoja na wenyeji. Katika hao alikuwamo Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Kwa Walutheri wa Buhaya, kijana aliyeitwa Josiah Kibira aliokoka mwaka 1947. Miaka thelathini baadaye, mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam ulimchagua kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wimbo wa Tukutendereza Yesu ulivuka mipaka yote hiyo ukiwa katika Kiganda chake. Mhaya, Mjaluo na Mkikuyu waliuimba bila kuutafsiri, na hata sasa ndugu wa Uamsho wakikutana huimba hivyo hivyo.

Mkutano wao ulikuwa rahisi. Neno lilisomwa, kisha nafasi ikatolewa kwa ushuhuda. Mtu alisimama, akataja jina lake na siku Yesu alipomwokoa, halafu akasema ukweli wa juma lililopita: hasira aliyomwonyesha mkewe, pesa aliyoificha, jirani aliyemchukia. Hilo waliliita kutembea nuruni. Akimaliza, wimbo ulipokelewa na wote wakamshika mkono. Mwanamke alishuhudia mbele ya wanaume, mfanyakazi mbele ya bwana wake, na mmisionari alimwomba msamaha mpishi wake kwa kiburi alichomwonyesha. Hapakuwa na kadi ya uanachama, ofisi wala katiba. Palikuwa na timu ya wazee, na kila mmoja alibaki katika kanisa lake.

Baada ya ushuhuda kulikuwa na malipo, na hapa ndipo majirani walipoamini kwamba jambo hili si maneno. Aliyeiba dukani alirudi kwa mwenye duka. Karani alipeleka serikalini pesa alizochota. Aliyewapunja watu ng'ombe zao aliwarudishia. Hakuna aliyefundisha kwamba kwa kurudisha mtu ananunua msamaha, kwani walikuwa wakali sana juu ya hilo: wokovu ni zawadi, damu ya Kristo imetosha. Walirudisha kwa sababu wamekwisha kusamehewa, na hawakuwa tena na sababu ya kujificha.

Wako waliochukia, na si wote walikuwa watu wabaya. Wazee waliona siri za ukoo zikianikwa hadharani. Wake walitaja waliozini nao, na nyumba zikayumba. Nyimbo za usiku kucha zilikosesha vijiji usingizi. Katika chuo cha theolojia cha Mukono, mwaka 1941, kundi la wanafunzi lilikuwa likiamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri, likiwashutumu walimu na wenzao waziwazi. Mkuu wa chuo alikataza, wao wakaendelea, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, akiwamo William Nagenda, ambaye hakuwahi kupata ukasisi. Alihubiri Afrika Mashariki nzima bila joho, na mwaka 1947 akaenda na Kinuka na Church hadi Ulaya. Ukali wa walokole, yaani waliookoka, kwa wasiookoka ulikuwa kosa la kweli, na baadaye uliwageukia wenyewe. Waliofarakana Uganda miaka ya 1970, hata wengine wakafundisha kwamba mwenye deni hajaokoka sawasawa, walikuwa wamegeuza zawadi kuwa mtihani tena.

Lakini ulipokuja mtihani wa damu, wengi walisimama. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya. Katika nchi ya Wakikuyu, ndugu wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema kwamba wamekwisha kuwekwa chini ya damu ya Yesu na hawawezi kula kiapo kingine. Wengi wao wakakataa pia kuchukua bunduki ya serikali katika vikosi vya ulinzi wa vijiji. Hivyo walishukiwa na pande zote mbili. Walipigwa, nyumba zao zikachomwa, na baadhi waliuawa. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu siasa ya ukombozi, na hoja zipo nzito. Siwezi kubishana na wajane wao waliosimama makanisani wakatangaza kwamba wamewasamehe waliowaua waume zao.

Uamsho ukafika hata kwenye uaskofu. Mei 1955, katika kilima kile kile cha Namirembe, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu maaskofu Waafrika, kati yao Obadiah Kariuki na Festo Olang' wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika.

Zamu ya Uganda nayo ikafika. Janani Luwum, mwalimu wa Acholi aliyeokoka Januari 1948, alikuwa askofu mkuu alipouawa tarehe 16 Februari 1977 na utawala wa Idi Amin. Rafiki yake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye kwa miaka mingi alifundisha shule Dodoma na ambaye Kiswahili chake kilimtafsiria Billy Graham huko Moshi mwaka 1960, alikimbia na mkewe Mera kwa miguu, usiku, kupitia milimani hadi Rwanda. Moyoni alimchukia Amin, na alisema hivyo. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa katika kanisa la All Souls, London, alisikia tena habari ya Kristo kuwaombea waliomsulubisha, akaona kwamba hawezi kuipokea huruma ile na kumnyima mwingine. Mwaka huo huo alitoa kitabu kilichotangaza kwenye jalada lake kwamba anampenda Idi Amin. Waganda waliopoteza ndugu zao hawakukipokea kirahisi, na haki yao ilikuwa wazi. Kivengere hakusema Amin asihukumiwe. Alisema chuki haitakuwa bwana wake.

Hapo ndipo makala kama hii ingetamani kuishia, lakini Rwanda hairuhusu. Nchi ambako moto uliwaka ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na makanisa kama ya Nyamata na Ntarama yakawa machinjio ya waliokimbilia humo. Wapo watakaosema Wanyarwanda wengi walikuwa Wakatoliki na Uamsho ulikuwa wa Waprotestanti. Jibu hilo halitoshi. Viongozi wa makanisa ya Kiprotestanti nao walikuwa wamekaa karibu mno na serikali, na mahali pengine kutembea nuruni kulikuwa kumebaki mazoea ya kuungama hasira ndogondogo za nyumbani huku chuki ya kabila ikiachwa gizani. Miaka 30 kabla, karibu na Nyamata hiyo hiyo, Shemasi Yona Kanamuzeyi aliuawa Januari 1964 baada ya kuhudumia wakimbizi, akienda kwa wauaji wake huku akiimba. Urithi wa Uamsho ulikuwapo. Wengi hawakuutumia.

Nsibambi mwenyewe aliugua katika miaka ya 1940 na kuanzia hapo akawa mtu wa chumbani hadi alipofariki mwaka 1978. Watu walimfuata huko huko kwa ushauri na maombi. Mwanawe Apolo akaja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda.

Leo kila mji wetu una mikutano ya injili yenye vipaza sauti, na neno kuokoka liko kwenye vioo vya daladala. Nyaraka za Joe Church zimehifadhiwa Cambridge, na msomi yeyote anaweza kuomba kuzisoma. Wazee wa Kabete, Katoke, Shirati na Kabale waliomsikia Nagenda akihubiri, au waliowaona baba zao wakirudisha ng'ombe za watu, wamebaki wachache sana. Wachungaji, walimu wa shule za Jumapili na vijana wenye simu zinazorekodi, waendeeni mwaka huu. Waulizeni waliokoka lini, walimrudishia nani nini, na walimsamehe nani. Waacheni waseme hadi wamalize.