Setelaiti Haijui Geti

Ukitoka Vickery Meadow, mtaa wa apatimenti ulioko kaskazini mashariki mwa Dallas, ukashika Central Expressway kwenda kaskazini, baada ya dakika chache unalikuta fumbo la madaraja linaloitwa High Five. Ni madaraja 37 yaliyopandana kwa tabaka tano, urefu wake kama jengo la ghorofa 12, yaliyojengwa kati ya 2002 na 2005. Aliyepita hapo mwanzoni na GPS yenye ramani ya zamani aliuona mshale wa gari lake ukielea penye weupe mtupu, huku sauti ikimsisitiza apinde kulia, upande ambao hauna kitu ila ukingo wa zege.

Setelaiti haikuwa na kosa. Setelaiti za GPS, ambazo ya kwanza ilirushwa 1978, hazijui barabara hata moja. Zinachotangaza ni saa na mahali zilipo angani, basi. Kifaa kikipokea ishara za setelaiti nne au zaidi kinapiga hesabu na kujua kilipo. Jina la mtaa, njia isiyoruhusu kurudi, daraja lililofunguliwa jana: hayo yamo kwenye ramani, na ramani imetengenezwa na watu.

Jirani kabisa na High Five yako makao makuu ya Texas Instruments. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyo ilitoa TI 4100, mojawapo ya vipokezi vya kwanza vya GPS kuuzwa kwa raia. Kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 20, na bei yake ilizidi dola 100,000. Wanunuzi walikuwa watu kama wapima ardhi. Kilitoa namba za latitudo na longitudo, mwenye nacho ajitafutie mwenyewe pa kuziweka. Kwa kuwa hakikuwa na ramani, hakikuwa na cha kupitwa na wakati.

Ramani za mtaani zilikuwa za karatasi. Dallas walitumia Mapsco, kitabu kinene chenye kurasa za namba na miraba ya herufi. Houston walikuwa na Key Map. Fundi wa mabomba aliambiwa ukurasa na mraba, akafunua, akafika. Kusasisha kulikuwa rahisi kueleweka: toleo jipya likitoka unalinunua, la zamani unalisukumia chini ya kiti, na bado unalichomoa jipya likipotea.

Mwaka 1985 kampuni ya Etak ya California iliingiza ramani kwenye gari kwa kaseti, kama zile za muziki. Haikutegemea setelaiti, ila dira na vihisi vya magurudumu. Kisha, Mei 2000, Marekani iliacha kuvuruga makusudi ishara za GPS kwa raia, na kosa la kama mita 100 likashuka hadi mita 10 au 20. Hapo ndipo kifaa cha kubandika kwenye kioo kilipata maana. Garmin nüvi ilitoka 2005, na katika magari mengi ikaacha alama ya duara kiooni ambayo haikutoka hata kwa sabuni.

Nyuma ya vifaa hivyo walikuwako watu waliolipwa kuendesha magari wakiandika vibao. Kampuni mbili, Navteq na Tele Atlas, ndizo zilizowauzia ramani karibu watengenezaji wote. Zilikuwa na thamani hasa: mwaka 2008 TomTom, mmoja wa watengenezaji hao, ilimaliza kuinunua Tele Atlas, na Nokia ikailipia Navteq dola bilioni 8.1. Gharama ilimfikia mwenye gari. Unachomeka waya kwenye kompyuta, unalipa dola 70 hivi, unasubiri saa nzima au zaidi, kisha unaambiwa nafasi haitoshi: ama ununue kadi ya kumbukumbu, ama uchague kipande kimoja cha Amerika Kaskazini. Wengi waliona heri wabaki na ya zamani.

Oktoba 2009 Google ikatoa maelekezo ya njia bure kwenye simu, na siku hiyohiyo hisa za Garmin na TomTom zikaporomoka. Tangu hapo ramani husasishwa pia na wanaoitumia. Simu zikitambaa kwenye foleni, mstari unakuwa mwekundu. Dereva anayetumia programu ya Waze akigusa kioo, wa nyuma yake wanaonywa. Sehemu ya kazi iliyokuwa na mshahara sasa inafanywa na kila mtu bila malipo, jambo ambalo halijadiliwi inavyostahili.

Wengine waliifanya kwa kupenda. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walizunguka vichochoroni na GPS za mkononi wakauchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza 2004. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulifuata 2015, mafuriko yakiwa sababu kuu.

Huko Dallas majina nayo hayatulii. Mwaka 2021 sehemu ya Lamar Street ilipewa jina la Botham Jean, kijana aliyeuawa nyumbani kwake na polisi mwaka 2018. Kwenye simu jina jipya liliweza kuja lenyewe. Kwenye kifaa kisichosasishwa, Lamar ni Lamar.

Lakini Vickery Meadow ina ugumu wake. Apatimenti zake, nyingi za miaka ya 1960 na 1970, zilijengwa kwa vijana wasio na familia. Leo zimejaa wakimbizi na wahamiaji, Wakongo na Warundi wakiwamo. Anwani moja inaweza kubeba majengo kumi na kitu, na mmiliki akibadilika hata jina la apatimenti hubadilika. Simu inamfikisha mleta chakula kwenye ofisi, inatangaza kwamba amefika, inanyamaza. Anapiga. Upande wa pili sauti inamwelekeza kama vile wako Bukavu au Bujumbura: acha geti hilo, zunguka hadi la nyuma, pita chumba cha kufulia nguo, ukiona pipa kubwa la taka la kijani simama hapo hapo, mtoto anashuka.