Kinanda, Ngoma na Kimya: Ibada katika Nchi ya Wazaramo

Anayesafiri kwa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hupita Ruvu na Kwala kabla ya kufika Magindu. Reli hiyo ilianza kujengwa 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, na wakati huo kusini mwake, katika nchi ya Wazaramo, kengele za kanisa zilikuwa zimekwisha kuzoeleka. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Mchungaji Johann Jakob Greiner alifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na cha Maneromango kikafuata 1895. Pugu walitangulia Wabenediktini, mwaka 1888, lakini Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo chao kilichomwa na wamisionari watatu wakauawa.

Mzaramo aliyeingia katika makanisa hayo alikuta watu wameketi kwa safu, mchungaji kavaa joho jeusi, tenzi zinafuata kitabu, mwili umetulia. Kwa Wakatoliki Misa ilikuwa ya Kilatini. Ngoma ilibaki nje ya mlango. Kelele haikuwa sababu kubwa ya kuikataza. Ngoma ilikuwa na kwao: ilimtoa mwali siku ya mkole, sherehe ya kumtoa ndani, ilipunga pepo, ilisindikiza pombe. Mmisionari aliyeisikia usiku alisikia dini nyingine ikihubiriwa.

Tangu hapo imezoeleka kusema kwamba utulivu ni wa Mzungu na shangwe ni ya Mwafrika. Mimi nalikataa neno hilo. Mzee wa Kizaramo akienda kutambika kaburini hapigi kelele. Hunyunyiza maji na unga, akawaita waliotangulia kwa majina, akasema nao kwa adabu, na waliomfuata wananyamaza. Heshima mbele ya kisichoonekana haikuletwa na meli kutoka Ujerumani. Hata mkole wenyewe ulitanguliwa na miezi ya mwali kukaa ndani, asionekane wala kusikika. Watu wa huku walijua wakati wa kunyamaza na wakati wa kupiga kigelegele. Misheni ilipokea nusu moja, nusu nyingine ikaiita ushenzi.

Nayo shangwe iliporudi kanisani haikurudi na ngoma. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda na kufika kwa Walutheri wa Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, ulijaa machozi, kukiri dhambi hadharani, kukumbatiana na nyimbo za furaha. Lakini waliookoka wengi ndio waliokuwa wakali kuliko wamisionari dhidi ya ngoma na pombe. Furaha yao ilitoka katika kusamehewa, si katika ala.

Ngoma ilipata kibali baadaye. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha na muziki wa wenyeji, na mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga akachapisha utafiti wake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Upande wa Walutheri, Howard Olson, aliyefundisha Makumira, alitoa Tumshangilieni Mungu mwaka 1968, kitabu chenye nyimbo za Kikristo kwa tuni za Kiafrika.

Kisha akaja Edmund John, Mwanglikana wa Dar es Salaam, mdogo wa Askofu Mkuu John Sepeku. Hadi kifo chake mwaka 1975 aliombea wagonjwa na kukemea pepo, akisisitiza toba na kufunga. Kazi iliyofanywa na ngoma ya kupunga sasa ilifanywa kwa jina la Yesu. Kwangu hilo ndilo badiliko zito kuliko yote, kwa kuwa lilijibu hofu ya watu mahali ilipokuwa.

Leo makanisa ya Kipentekoste yana mapambio, kinanda cha umeme na spika, na sharika za zamani zimeiga kipindi cha sifa na kuabudu. Nafurahi kuona bibi wa Kilutheri akicheza mbele za Bwana bila kukemewa. Lakini spika hazipumziki. Hata watu wanapopiga magoti kupokea Meza ya Bwana, kinanda kinaendelea. Ninyi mnaoongoza ibada, zimeni vyombo wakati huo, mtu asikie pumzi yake mbele za Mungu, kisha ndipo mpige ngoma.