Mmea wa Chunguni Unaponyauka: Jinsi ya Kutambua Maradhi ya Mizizi na Kuyatibu

Katika baraza nyingi za Jinja na Mbale, mmea unaoinamisha majani huletewa kopo la maji kabla ya jambo lingine lolote. Mara nyingi huko ndiko kuumaliza. Mmea uliokosa maji hunyauka, na mmea uliozama katika maji hunyauka vilevile. Dalili ni moja, lakini sababu zinapingana, na tiba ya tatizo la kwanza ni sumu kwa la pili. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitofautisha, na hatua za kuchukua kabla mmea haujafa.

Kwa nini maji mengi huua

Mizizi hupumua. Huvuta oksijeni iliyomo katika vijinafasi vya udongo, na kwa nguvu hiyo hunyonya maji na chumvichumvi. Udongo ukijaa maji muda mrefu, hewa hutoweka, kwa kuwa oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kadhaa kuliko hewani. Mizizi hudhoofika na kufa. Hapo huingia vimelea kama vile Pythium, Phytophthora na Fusarium, ambavyo hustawi penye unyevu na kuozesha kilichosalia. Majani hunyauka huku chini kukiwa na tope, kwa sababu hakuna tena mzizi wa kuyapelekea maji.

Vipimo vitatu

Kwanza, ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Uso wa udongo hudanganya: unaweza kuwa mkavu juu hali chini kumelowa.

Pili, inua chungu. Chungu kilichonyweshwa karibuni ni kizito, na kilichokauka huwa chepesi kwa namna inayoshangaza. Ukizoea uzito huo kwa juma moja au mawili, hutahitaji kipimo kingine cha kila siku.

Tatu, ambacho ndicho kipimo cha uhakika, toa mmea chunguni. Laza chungu ubavu, gonga kingo zake, kisha vuta bonge la udongo taratibu ukishika shina karibu na ardhi. Mizizi mizima ni migumu, nayo kwa mimea mingi huwa myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia au myeusi, hubonyea kwa urahisi, ganda lake huchubuka na kubakiza kiini kama uzi, na udongo wake hunuka. Iliyokauka huwa myembamba na hukatika kama kijiti.

Majani nayo husaidia kutoa hukumu. Majani ya chini yakigeuka manjano na kulegea ilhali udongo umelowa, shuku kuoza. Ncha zikikauka na kukakamaa na chungu kikawa chepesi, shuku kiu. Ukiona vijidudu vidogo vyeusi vikirukaruka juu ya udongo, jua kwamba uso wake haupati nafasi ya kukauka.

Kuutibu mmea uliooza mizizi

Ondoa udongo wa zamani na usuuze mizizi kwa maji safi. Kata sehemu zote laini na nyeusi kwa mkasi uliosafishwa kwa spiriti, hadi ufikie mzizi mgumu. Mizizi ikipungua kwa nusu, punguza pia majani, kwa kuwa mizizi michache haiwezi kunywesha majani yote. Osha chungu kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini katika sehemu 9 za maji, kisha ukisuuze vizuri.

Panda tena katika udongo mpya: sehemu 2 za udongo wa juu wa shambani, sehemu 1 ya mboji iliyoiva na sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni. Maganda ya mpunga, ambayo hayaadimiki mashariki mwa Uganda kunakolimwa zao hilo, yanaweza kuchukua nafasi ya mchanga. Usichague chungu kikubwa kuliko mizizi iliyobaki, kwani udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji. Mwagia kidogo, weka mahali penye kivuli chenye mwanga, na usitie mbolea mpaka chipukizi jipya lionekane.

Kuufufua mmea uliokauka

Udongo uliokauka kabisa hujitenga na kingo za chungu, na maji unayomwaga juu hupita pembeni na kutokea chini bila kuugusa mzizi. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake kwa takriban dakika 30, hadi uso wa udongo uwe na unyevu. Kitoe, kiache kichuruzike, wala usikirudishe kwenye sahani yenye maji.

Matundu na mawe

Chungu kisicho na tundu chini ni kisima. Ndoo, kopo la rangi au jerikeni iliyokatwa hufaa sana, mradi itobolewe. Wengi huweka kokoto chini wakiamini kwamba zinasaidia maji kutoka. Ukweli ni kwamba maji hayatoki katika udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo huo uwe umejaa kabisa, hivyo kokoto husogeza tope karibu zaidi na mizizi. Kipande kimoja cha kigae juu ya tundu, cha kuzuia udongo usitoke, kinatosha.

Kila mmea na kiasi chake

Mshubiri na Zamioculcas, mmea wa asili ya Afrika Mashariki unaohifadhi maji katika viazi vyake, huhitaji udongo ukauke kabisa kabla ya kunyweshwa tena. Saintpaulia, ua dogo linalotoka milima ya Usambara nchini Tanzania, hupenda unyevu wa wastani na kuchukia maji yanayotuama katikati ya majani yake. Masale huvumilia mengi, ila si sahani iliyojaa.

Majira nayo yana neno. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na zile za mwishoni mwa mwaka, hewa ya Jinja kando ya ziwa na ya Mbale chini ya Wanale hubeba unyevu, na chungu hukauka polepole. Kiangazi cha Desemba hadi Februari hugeuza hesabu. Kwa hiyo nywesha kwa kupima udongo, si kwa kuhesabu siku.

Miche ya kahawa: hasara inayochelewa kuonekana

Katika miteremko ya Mlima Elgon, kanuni hizi zinagusa riziki. Mche wa kahawa hukaa miezi kadhaa ndani ya kavera, na mzizi wake mkuu ukigota chini hujikunja. Mwingine hupinda tangu siku ya kuhamishiwa humo. Mche wa namna hiyo huonekana mzima machoni. Hupandwa, hupaliliwa, kisha hudhoofu au kukauka unapoanza kubeba matunda au kiangazi kinapokaza, baada ya miaka takriban 3 ya jasho la mkulima.

Kabla ya kununua miche mingi, omba mmoja ufunguliwe. Mzizi mkuu unapaswa kushuka wima. Ukiwa umepinda karibu na shina, ukatae. Ukiwa umejikunja nchani tu, kata sentimita 1 au 2 za chini ya bonge pamoja na ncha hiyo, na uondoe kavera yote kabla ya kufukia.

Wakati wa kukata tamaa

Shina likiwa laini na jeusi hadi juu ya udongo, mizizi haitarudi. Kwa mimea inayochipua kwa vipandikizi, kata tawi lililo zima na ulipande upya. Usiutumie udongo huo katika chungu kingine, maana vimelea vyake hubaki humo vikingoja mmea mwingine.