Kinyago cha Kimakonde: Sanaa Iliyokomaa Ugenini

Vinyago vya mpingo vinavyouzwa Mwenge, jijini Dar es Salaam, kama urithi wa kale wa Wamakonde ni, kwa sehemu kubwa, zao la karne ya 20, na historia yake haielezeki bila kuwataja watu waliouvuka mto Ruvuma kutoka nyanda za juu za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, wakaingia Tanganyika.

Kabla ya uhamaji huo, kazi iliyompa mchongaji heshima kubwa ilikuwa lipiko (wingi mapiko), yaani barakoa ivaliwayo kichwani na mcheza ngoma katika sherehe za jando, ambayo ilichongwa kwa mti mwepesi, ikapachikwa nywele halisi za binadamu, na mara nyingi ikabandikwa nta ya nyuki ili kuonyesha chale za usoni. Kwa kuwa iliaminika kuwaletea walio hai roho ya marehemu, utengenezaji wake ulifichwa wanawake na watoto, wala haikukusudiwa soko.

Utawala wa Wareno ulileta kodi na kazi za shuruti, na wengi wakakimbilia mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Baadaye mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960, na vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, vikawasukuma wengine. Ugenini, mchongaji alikutana na mnunuzi asiyejua miiko ya jando, naye akaushika zaidi mpingo, mti mgumu wenye kiini cheusi kinachong'aa kikisuguliwa kwa msasa.

Hapo ilistawi mitindo miwili. Wa kwanza, ujamaa, ni nguzo ya gogo moja ambamo watu wa vizazi mbalimbali vya ukoo hubebana na kushikamana. Wa pili, shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa, mchongaji aliyemuuzia kazi zake mfanyabiashara Mohamed Peera jijini Dar es Salaam, uliingia katika sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoiga maumbile kama yalivyo: jicho hutokeza pasipo uso, kiungo hupindwa kikawa pembe, na tundu lililotobolewa kati huwa sehemu ya umbo.

Mapiko, kwa upande wake, yaliendelea kuchezwa ngomani. Kwa hiyo soko halikuufuta urithi wa mababu, bali liliwalazimu wachongaji kutenganisha kilicho cha ukoo na kilicho cha mgeni, na katika hicho cha mgeni ndimo walimopata uhuru wa kubuni ambao jando lisingeweza kuwapa.