Altrasaundi, au Mwangwi Uliopewa Jina la Mionzi

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri kadi ya maelekezo kwa wajawazito wanaokwenda kupimwa altrasaundi. Kadi yenyewe haizidi kiganja. Nilipofika kwenye jina la kipimo nikaandika “mionzi ya sauti”, nikasonga mbele, kadi zikachapwa. Wiki chache baadaye dada anayefanya kazi katika chumba cha altrasaundi akanipigia simu. “Kaka, njoo uone ulichotufanyia.” Nikaenda. Nikamkuta mama wa mimba ya miezi minne kasimama mlangoni, kadi mkononi, kagoma kuingia. Alikuwa na swali moja tu: hiyo mionzi itamuunguza mtoto, haitamuunguza?

Swali la haki kabisa. Mionzi, kwa Kiswahili cha leo, ndiyo inayowatibu wagonjwa wa saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam, kwa kuua chembe za mwili. Ndiyo inayofanya mlango wa eksirei ubandikwe alama ya hatari, na ndiyo ambayo Tume ya Nguvu za Atomiki iliwekwa kuisimamia. Anayefanya kazi nayo huvaa beji kifuani ya kupima kiasi kilichomfikia. Dada wa altrasaundi hahitaji beji hiyo, wala kuta za chumba chake hazihitaji kuwekwa madini ya risasi ndani, kwa sababu mashine yake haitoi mionzi hata chembe. Inatoa sauti.

Sijitetei, ila kosa langu lilikuwa na wazazi. Katika hospitali nyingi idara nzima huitwa ya mionzi, na matangazo ya ajira serikalini Tanzania yana cheo cha “mteknolojia mionzi”. Altrasaundi ilipofika hospitalini ilipangishwa chumba katika nyumba ya eksirei, ikaishia kuitwa kwa jina la mwenye nyumba. Mpangaji akikaa sana, jirani husahau kwamba si wa ukoo ule.

Sasa, sauti gani hiyo ambayo hakuna anayeisikia? Sikio la binadamu hupokea mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde hadi 20,000. Popo hupiga kelele juu ya kiwango hicho usiku kucha na sisi tunasema usiku umetulia. Mashine ya kupimia tumbo hutetema mara milioni 2 hadi 5 kwa sekunde. Ya kupimia titi au tezi ya shingo hupanda hadi milioni 10 na zaidi, kwa sababu mitetemo ya kasi huonyesha vitu vidogo vizuri ila haiendi mbali. Ndani ya probu, kile kifaa cha mkononi, kuna vipande vya fuwele. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake nacho ni kweli: zikipigwa umeme hutikisika. Kwa hiyo fuwele ileile hupiga sauti, ikanyamaza, ikasikiliza kinachorudi. Katika nyama ya mwili sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde. Kwenda sentimeta 1 ndani na kurudi ni kazi ya sehemu 13 hivi za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Mashine huhesabu muda huo, ikajua kilichoirudishia sauti kiko umbali gani, ikaweka nukta kwenye kioo. Nukta zikiwa nyingi, ni figo.

Hapo ndipo ninapopenda kitenzi chetu. Tunapiga altrasaundi kama tunavyopiga simu, pasi, picha na kura, na safari hii kupiga ni kupiga kweli.

Tatizo ni nomino. Neno la Kiingereza, “ultrasound”, ni sauti iliyovuka mpaka wa kusikika. Wataalamu wa istilahi walikwisha kukutana na kiambishi hicho cha “ultra” kwenye vitabu vya sayansi, wakatupa “urujuanimno” kwa ile miale iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani. Neno zuri, limekaa. Kwa njia hiyohiyo altrasaundi ingekuwa “sautimno”, nami nilipata kulitetea mbele ya wenzangu kwa bidii. Mmoja akaniuliza: mwanao akikuambia jirani ana sauti mno, utaelewa nini? Nitaelewa kwamba jirani anapiga makelele. Neno lingesema kinyume cha jambo lenyewe, maana sauti hii haisikiki kabisa. “Sautimno” likafia mezani, na silililii.

Kutohoa basi. “Altrasaundi” limetamkwa kwenye foleni za kliniki kwa miaka mingi, na litaishi kama “kompyuta” ilivyoishi huku “ngamizi” ikibaki kwenye kamusi. Sina ugomvi nalo kama jina la mlangoni. Ugomvi wangu ni kwamba ni jina tasa: ukishalitamka, halikusaidii kueleza chochote kinachoendelea ndani ya chumba.

Vuka Ziwa Tanganyika, au nenda Bukavu na Lubumbashi, usikie wanavyosema wenzetu waliosoma kwa Kifaransa. Wao wanakwenda kufanya ekografi. Mzizi wa neno hilo ni eko, yaani mwangwi. Na sisi wa upande huu tunalo bila kujua: kipimo cha moyo tunakiita eko, na matangazo ya kambi za Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hukitaja. Watu wengi hudhani eko ni mashine ya ukoo mwingine. Ni sauti ileile, imeelekezwa kifuani. Waliouanza mchezo huo wa moyo, Inge Edler na Hellmuth Hertz huko Lund, Sweden, mwaka 1953, walitumia mashine iliyotoka kwenye karakana ya meli, ya kutafutia kasoro katika chuma. Hata Ian Donald wa Glasgow, ambaye makala yake ya mwaka 1958 ndiyo iliyoufungulia mlango uchunguzi wa tumbo, alianzia kiwandani: mwaka 1955 alibeba uvimbe uliotolewa kwa upasuaji kwenye buti za magari mawili, akaupeleka kwa mafundi wa matangi ya mvuke wauguse kwa mashine yao ya kupimia chuma. Mafundi walileta na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Mwangwi wa uvimbe wa maji ukawa mbali na mwangwi wa uvimbe wa nyama.

Mwangwi, basi. Neno ambalo kila mtoto aliyewahi kupiga kelele pangoni au kisimani analijua. Na faida yake utaiona ukikaa nyuma ya kioo cha mashine, kama nilivyokaa asubuhi moja kwa hisani ya yule dada, baada ya mama wa mlangoni kukubali kuingia na kutoka akicheka.

Chumba kina giza kidogo, feni ya mashine inavuma. Mgonjwa wa kwanza ni mzee mwenye maumivu upande wa kulia, chini ya mbavu. “Shikamoo baba. Umekula?” Hajala tangu jana usiku, vizuri, maana mfuko wa nyongo hujikunja mtu akila. Dada anamfunika kanga, anaipasha jeli kwa viganja kabla ya kuipaka. Jeli si dawa, ingawa wapo wanaoomba wapewe ya kwenda nayo nyumbani. Kazi yake ni kufukuza hewa kati ya probu na ngozi, kwa sababu sauti ikikutana na hewa hurudi karibu yote. “Vuta pumzi baba. Ishikilie hapohapo.” Kwenye kioo nyongo imekaa nyeusi tii. Maji hayarudishi kitu: hayana mwangwi. Ndani yake kuna doa jeupe linalong'aa, lina mwangwi mkali, na nyuma yake umeshuka mstari mweusi kama kivuli cha mnazi, kwa kuwa sauti haikupenya. “Pumua baba.” Anamgeuza ubavu wa kushoto, doa linabingirika. Jiwe. Ini la pembeni ni la kijivu, mwangwi wa wastani. Mgonjwa wa tatu alikuwa na faibroidi, na mwangwi wake ulikuwa hafifu kuliko wa nyama ya mfuko wa uzazi iliyoizunguka. Kiingereza kinasema hayo kwa maneno matatu yenye asili ya Kigiriki ambayo mgonjwa wa London hayaelewi. Mimi niliyaelewa yote kwa neno moja la nyumbani na vivumishi vyake, na mzee naye aliyaelewa alipoonyeshwa.

Nilidhani kazi hiyo ni ya macho. Ni ya kifundo cha mkono. Probu ikiinama nyuzi chache, figo inatoweka. Ikikandamizwa kidogo, gesi ya utumbo inasogea na kongosho linajitokeza. Picha ya eksirei ikishapigwa, mtu mwingine anaweza kuisoma kesho yake. Hapa asichokipitia mkono hakipo kwenye picha, na hakuna bingwa atakayekiona baadaye. Kwa mjamzito dada alipima upana wa kichwa cha kijusi, mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, akatazama kondo la nyuma limekaa wapi na maji ya uzazi yanatosha, kabla hajafika kwenye swali ambalo familia nzima ilikuja nalo: ni wa kike au wa kiume? Hakukaa muda mrefu kwenye kichwa cha mtoto. Sauti si mionzi, lakini ni nguvu, na nguvu hupasha joto. Mashine yenyewe huonyesha pembeni mwa kioo kipimo cha joto hilo. Anayewaambia watu kwamba altrasaundi ni mchezo anakosea kama nilivyokosea mimi, upande wa pili tu. Kufika saa sita alikuwa akikanda bega la kulia kwa mkono wa kushoto.

Mtu wa namna hii ataitwaje? Wagonjwa wanamwita dokta. Serikali inamwita mteknolojia. “Mpiga picha” tumeshawapa watu wa harusi. Nitakubali “sonografa”, kwa kukosa jingine.

Kuhusu cheti chake Kiswahili kina utajiri wa maneno. Mambo manne tunayatenganisha. Cheti ni karatasi ya chuo, iwe ya stashahada au ya shahada. Usajili ni jina lako kuandikwa kwenye daftari la baraza. Leseni ni ruhusa ya kugusa mgonjwa. Ithibati ni ya chuo chenyewe, haihusiki na mtu. Mwenye cheti bila usajili ni msomi tu. Tanzania ina sheria ya mwaka 2007 iliyounda baraza la wataalamu wa radiolojia na picha za kitabibu. Kenya, wengi huanza na radiografia katika chuo cha KMTC, kisha hurudi darasani kusomea altrasaundi peke yake. Uganda kuna chuo kizima kwa ajili ya fani hii, ECUREI, katika hospitali ya Mengo, Kampala.

Wanaohamia Marekani hukuta mpangilio unaowashangaza. Huko majimbo mengi hayadai leseni kwa kazi hii. Oregon na New Mexico ni miongoni mwa machache yanayodai. Lakini hospitali nyingi hazitakuajiri bila herufi RDMS baada ya jina, zinazotolewa na asasi ya ARDMS tangu mwaka 1975. Mitihani ni miwili: mmoja wa fizikia ya sauti na mashine, mwingine wa eneo la mwili, tumbo au uzazi kwa mfano. Alama za kufaulu ni 555 katika kipimo kinachoishia 700, na ukishafaulu unadaiwa saa 30 za masomo kila miaka 3. Tofauti kubwa iko kwenye ulimi. Huko sonografa hamwambii mgonjwa ana nini. Anapeleka picha kwa daktari bingwa, naye ndiye anayesoma. Kwetu, kwenye hospitali nyingi za wilaya, aliyeshika probu ndiye huyohuyo anayeandika majibu, kwa hiyo anahitaji maneno kuliko mwenzake wa Chicago.

Nilirudi nyumbani nikaandika kadi upya. Jina la kipimo nikaliacha “altrasaundi”, na chini yake: “Mashine hupeleka sauti usiyoisikia, kisha huchora picha kwa mwangwi unaorudi. Haitumii mionzi.” Nikampelekea dada kabla ya kuchapwa, nikiwa na uhakika safari hii. Akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafika mstari wa mwisho, nilipoandika “Fika kibofu chako kikiwa kimejaa.” Akachukua kalamu yake ya bluu, akaukata wote, akaandika juu yake: “Kunywa maji chupa kubwa moja, usikojoe mpaka tukuite.”